Mwenye Kufukuzwa Kazi na Haki ya Kusikilizwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Si mara moja wala mbili tumejiwa baada ya swala, hapa Kariakoo na Gerezani, na kijana aliyeambiwa na tajiri wake, "Kesho usije." Pengine hesabu ya duka imepungua, akashukiwa yeye. Pengine hakutajiwa sababu yoyote. Wengi wetu tumezoea kumjibu kwa neno moja: subiri. Neno hilo ni jema, lakini peke yake halitoshi, na huenda likampotezea haki yake, kama tutakavyobainisha.

Sayyidna Umar na Sa'd

Imam Bukhari amepokea kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas (RA), gavana wa al-Kufah. Watu wa mji ule walimshitaki kwa Sayyidna Umar (RA), hata wakadai kuwa haswalishi vizuri. Umar alimwondoa, akamweka Ammar bin Yasir (RA). Lakini hakuziacha shutuma zisimame hivi hivi. Alimwita Sa'd, akamsikiliza, kisha akatuma watu al-Kufah wakaulize msikiti kwa msikiti. Wote wakamsifu, isipokuwa mtu mmoja. Na mwaka 23 Hijria, Umar alipokuwa katika mauti, alimtaja Sa'd miongoni mwa sita wa shura, akabainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiyana.

Kiongozi anayo mamlaka ya kumbadilisha gavana kwa maslahi ya umma. Pamoja na hayo, Umar alisikiliza, alichunguza na alisafisha jina la mtu. Basi itakuwaje kwa muuza duka, ambaye baina yake na tajiri kuna akdi?

Hukumu ya ijara

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yaliyoenea pwani yetu, ijara ni akdi lazima. Ikishafungwa kwa kazi na ujira unaojulikana, upande mmoja hauivunji kwa matakwa yake tu. Suratul Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira, Allah atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Al-Mawardi naye, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameeleza kuwa muhtasibu humzuia mwajiri anayepunguza ujira au kuzidisha kazi. Basi kumtetea mwajiriwa ni mlango wa kale wa kuamrisha mema.

Mji wetu

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mwenye kutoroka kazi kuwa mhalifu. Bandarini, makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa: leo unaitwa, kesho unaachwa, na huna pa kuuliza. Waligoma mwaka 1939 bila mafanikio, wakagoma tena 1943. Mgomo wa Septemba 1947 ulienea kwa njia ya reli hadi bara, na hapo ndipo walipopata nyongeza ya ujira na chama chao.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilileta kamati za wafanyakazi na mabaraza ya usuluhishi, ila neno la mwisho lilikuwa la Waziri, na mahakama zikafungiwa mlango. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ndiyo iliyoweka kuwa kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki, na kuthibitisha ni juu ya mwajiri. Hili halipingani na kanuni ya mafaqihi kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, kwani anayedai wizi ni tajiri.

Siku thelathini

Hapa ndipo penye hatari. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayechelewa atatakiwa kwanza kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa. Kijana tuliyemwambia "subiri" akaenda zake akangoja miezi mitatu, tumemsaidia nini? Subira ni kutotukana, kutoiba, kutovunja duka la watu. Si kunyamazia dhulma.

Basi imamu na ajaribu sulhu mapema, huku siku zikihesabiwa. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: ahifadhi ujumbe wa simu, kumbukumbu za malipo na mashahidi. Na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ajue kuwa kinga hii ya sheria haimfikii, ingawa ujira wa siku alizofanya bado ni deni.

Mwisho tujinasihi wenyewe. Zipo kamati za misikiti na madrasa zinazomwondoa mwalimu au muadhini kwa minong'ono, bila kumwita wala kumuuliza. Kamati hizo zikumbuke kuwa Umar aliuliza msikiti kwa msikiti.

Allah atujaalie kuwa wenye kutoa haki kabla ya kudai haki. Amin. Wallahu a'lam.