Nyimbo za Tumaini katika Nchi ya Dhahabu

Katika nchi ya Usukuma wimbo ulikuwa na kazi kabla haujawa na kanisa. Vijana walilima shamba la mwenzao kwa ngoma ya bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi husema viliasisiwa na Ngika na Gumha katika karne ya 19, vilishindana mbele ya halaiki ya watu. Wala ushindi haukutegemea sauti peke yake: kila upande ulikuwa na dawa zake za kuvuta watazamaji, kwa kuwa bahati ilidhaniwa kuwa kitu kiwezacho kutengenezwa.

Mwaka 1909 wamisionari wa Africa Inland Mission walipokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, kutoka kwa wenzao wa CMS. Walikuja na tenzi zilizofasiriwa, na tuni za ng'ambo. Maneno yalikuwa mema. Lakini Kisukuma ni lugha ya toni, na neno lililolazimishwa kupanda mahali pa kushuka humfikia msikilizaji likiwa limechoka. Kwa Wakatoliki, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alijaribu njia nyingine huko Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950. Aliikaribisha ngoma katika ibada, na sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, ikawa siku ya Bagika na Bagalu kucheza. Huo ulikuwa ujasiri, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa.

Makanisa ya AIC yaliyozaliwa na misheni ile yalifika mahali karibu na hapo kwa njia ya kwaya. Kwaya kama ile ya AIC Shinyanga ziliimba nyimbo zilizotungwa na wenyeji, kwa Kiswahili na kwa magita, na kaseti zikazichukua mbali na kwao. Mmoja huanza, wengi humwitikia. Mkulima wa pamba hakuhitaji kufundishwa jambo hilo; alilijua tangu shambani.

Lakini nchi hii ina dhahabu pia. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kando yake wako wachimbaji wadogo, ambao huweza kushuka duarani miezi mingi wasipate kitu, na jirani akatajirika kwa siku moja. Penye kazi ya namna hiyo mganga wa bahati hakosi wateja. Tangu mwaka 2007 dunia ilisikia jinsi watu wenye ualbino walivyouawa katika mikoa ya Ziwa ili viungo vyao vifanywe dawa ya utajiri. Na vikongwe wa Shinyanga waliuawa kwa kuwa macho yao, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo wimbo wa upendo wa Mungu hupimwa. Ukisema kwamba mtu amependwa kabla hajapata kitu, na kwamba jirani yake naye amependwa vivyo hivyo, unamnyang'anya mganga mzizi wa biashara yake. Ukimwahidi mwimbaji nyumba na gari kama malipo ya imani, unamrudishia dawa ile ile katika chupa nyingine. Na nyimbo za aina hiyo, kwa bahati mbaya, si haba siku hizi.

Tofauti hiyo husikika zaidi msibani kuliko kanisani. Duara likiporomoka na maiti ikarudishwa nyumbani, kwaya huja jioni na kuketi pamoja na wafiwa. Nyimbo zinazochaguliwa usiku huo hazitaji mali. Huitwa jina la Mungu, wafiwa huitikia, na mjane, ambaye tangu mchana hakufungua kinywa, huweza kuingia katika kiitikio.