Mario wa Pili: Gemu Iliyokataliwa na Gemu Iliyovishwa Jina Lake

Tarehe 3 Juni 1986 kampuni ya Nintendo, ya mji wa Kyoto katika nchi ya Japani, ilitoa gemu ya pili ya Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu mazito na kofia nyekundu ambaye watoto wengi wa Bukoba na Muleba, hapa kwetu Kagera, humtambua upesi kuliko wanavyomtambua shujaa yeyote wa tendi zilizoimbwa na mababu zao huko Ihangiro na Kyamutwara. Na lililo la ajabu ni kwamba gemu hiyo siyo ile ambayo aghalabu ya walimwengu waliicheza kwa jina la Mario wa pili. Wao walipewa gemu nyingine kabisa, iliyotungwa kwa nia nyingine na iliyokuwa na watu wengine ndani yake, kisha ikavishwa jina la Mario na kutiwa sokoni. Kisa hicho nakisimulia hapa kwa kutegemea zaidi maelezo ya Kensuke Tanabe, aliyeongoza utungaji wa gemu hiyo nyingine, maelezo aliyompa Chris Kohler wa jarida la Wired la Marekani mwaka 2011.

Nintendo si kampuni changa. Fusajiro Yamauchi aliianzisha mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata za hanafuda, mwaka mmoja tu kabla ya Emin Pasha kufika kwenye ufuo wa ziwa letu na kuweka kituo cha Wajerumani hapo Bukoba. Na karibu karne nzima ilipita ndipo ikatoa, mwaka 1985, Super Mario Bros., gemu ya kukimbia na kuruka iliyotungwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, ambayo iliifufua biashara ya gemu huko Marekani baada ya kuanguka kwake mwaka 1983. Hayo yamesimuliwa mara nyingi, nami sitayakawilia.

Mwaka 1986, Miyamoto akiwa ameshughulishwa na kazi nyingine, Tezuka alipewa jukumu la kuongoza utungaji wa mwendelezo, naye, maadamu Wajapani walikuwa wamekwisha kuizoea gemu ya kwanza hata wakaimaliza wakiwa hawatoki jasho, aliona kwamba hao sasa wanahitaji kujaribiwa kwa dhati. Basi ukapandwa humo uyoga wenye sumu katikati ya ule wenye manufaa. Ukaletwa upepo wa kumpeperusha mchezaji akiwa angali hewani. Zikatengenezwa njia za mkato ambazo, badala ya kumsogeza mbele, humrudisha nyuma alikokwisha kupita kwa taabu. Na yeyote aliyetamani kuziona dunia nne za mwisho ilimpasa kwanza aimalize gemu nzima mara 8. Kwenye jalada lake kulichapwa maneno ya kutahadharisha kwamba imekusudiwa wachezaji hodari. Japani iliipokea vizuri.

Huko Redmond, katika jimbo la Washington, lilipokuwa tawi la Marekani la kampuni hiyo, alikuwapo kijana aitwaye Howard Phillips, aliyeanza kazi kama msimamizi wa ghala, na ambaye kwa wingi wa gemu alizozicheza na usahihi wa hukumu zake alikuja kuaminiwa kiasi kwamba neno lake lilipimwa kabla gemu yoyote kutoka Japani haijaruhusiwa kuingia madukani. Phillips aliicheza hiyo Mario ya Tezuka, akafa mara nyingi kwa namna alizoziona si za haki, akarudia, akafa tena, na mwisho akatoa rai kwamba gemu hii haimfurahishi mchezaji bali humwadhibu, na kwamba Wamarekani waliokuwa wametoka juzi tu kuanza kuziamini tena gemu za nyumbani wangekimbia. Rai hiyo ilikubaliwa. Mimi naiona kuwa ya insafu, ijapokuwa wapo mpaka leo wanaomlaumu kwa kuwadharau wachezaji wa nchi yake. Kwani ugumu unaomfundisha mtu jambo ni kitu kimoja, na ugumu unaomtega ili acheke aliyeutega ni kitu kingine.

Ikabaki tatizo: Marekani inamtaka Mario wa pili, na Mario wa pili hayupo.

Hapa ndipo anapoingia Tanabe. Yeye aliajiriwa na Nintendo mwaka 1986, akiwa bado mgeni katika fani hii, na moja ya kazi zake za awali ilikuwa kuendeleza jaribio dogo lililokuwa limeandaliwa na watengenezaji programu: wachezaji wawili kwa pamoja, wakibebana na kurushana, wakipandisha vitu juu ya vitu ili wapate kupanda, na taswira ikisogea kwenda juu badala ya kwenda pembeni. Lilikuwa wazo zuri kwa wawili, lakini aliyecheza peke yake hakupata ladha, na mitambo ya zama zile haikumudu mambo yote waliyoyataka. Miyamoto alipolitazama alishauri kwamba lichanganywe na mwendo wa kwenda upande, mithili ya Mario, na kwamba la muhimu ni kuwa mchezo ufurahishe. Wakati huohuo kituo cha televisheni cha Fuji kilikuwa kinaandaa tamasha kubwa la mwaka 1987, lililoitwa Yume Kojo, nacho kilitaka gemu yenye alama zake, ambazo ni vinyago na familia ya watu wanne: kijana Imajin, msichana Lina, Mama na Papa. Tanabe na wenzake wakaliingiza jaribio lao katika hadithi ya familia hiyo. Kule kubebana na kurushana kukageuka kuwa kung'oa mboga ardhini na kuwatupia maadui. Na tarehe 10 Julai 1987 gemu ikatoka kwa jina la Yume Kojo: Doki Doki Panic.

Hiyo ndiyo iliyochukuliwa ili iwe Mario wa pili wa Marekani. Imajin akaondolewa, akawekwa Mario. Mama, aliyekuwa na mruko mrefu wa kuchezesha miguu hewani, akampisha Luigi, naye Luigi akaurithi mruko huo mpaka leo. Lina, aliyeweza kuelea, akawa binti mfalme. Papa, mwenye nguvu za kubeba, akawa yule mtu mwenye kichwa cha uyoga. Wakaongeza uwezo wa kukimbia, wakambadilisha adui mmoja mkubwa, na wakaliondoa sharti ya kuimaliza gemu kwa kila mmoja wa wale wanne. Maadui wenye vinyago usoni, ambao sasa watoto hudhani walikuwa wa Mario tangu azali, ni mabaki ya tamasha la Fuji, na mwishoni mchezaji huonyeshwa kwamba yote yaliyopita ilikuwa ni ndoto ya Mario aliyelala kitandani.

Je, huyo ni Mario halali? Wanaobisha husema kuwa mtu hawi ndugu yako kwa kuvishwa kanzu yako. Nami najibu kwamba jaribio la asili lilishauriwa na Miyamoto mwenyewe, likachanganywa na mwendo wa Mario kwa agizo lake, na muziki wake ukatungwa na Koji Kondo yuleyule. Kwa hiyo damu ilikuwamo kabla ya kanzu. Ninalolisikitikia ni jingine: jina la Tanabe lilikaa gizani kwa muda mrefu, ilhali kazi yake ilikuwa imekwisha kuenea ulimwenguni.

Gemu hiyo ya Tanabe ilitolewa Marekani mwezi Oktoba 1988, katika mwaka ambao uhaba wa vipande vya kumbukumbu ulichelewesha gemu nyingi, na sura yake ilipamba jalada la toleo la kwanza kabisa la jarida la Nintendo Power. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 7. Mwaka 1992 ilirejeshwa Japani kwa jina la Super Mario USA, na mwaka 1993 ile ya Tezuka iliyokataliwa nayo ikapelekwa Magharibi, ikiitwa The Lost Levels. Yaliyokuja baadaye ni matoleo ya kurudia.

Kwetu hapa, mwaka 1986, hapakuwa na pa kuchezea gemu za namna hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka miaka ya 1990. Na Kagera, iliyokuwa ikijikokota kutoka kwenye hasara za vita vya 1978 na 1979, ilikuja kupata umeme wake kwa miaka mingi kutoka Uganda kwa njia ya Kyaka. Gemu zilifika zikiwa zimechelewa, katika kanda za kuigiza zisizo na jina la mtungaji yeyote; kisha zikaja pleisteshen za vibandani, kisha simu.

Lakini mwaka uleule wa 1986, Profesa Mugyabuso Mulokozi alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake kuhusu tendi za nanga za Wahaya, tendi kama Rukiza na Kachwenyanja, ambazo wapiga nanga waliziimba kwa ala hiyo ya nyuzi, kila mmoja akiirithi hadithi ya aliyemtangulia na kuitia ya kwake. Humo mna mashujaa, safari, hila na vifo vya kutosha gemu nyingi. Wajapani walichukua vinyago vya tamasha la televisheni lililodumu wiki chache wakavipa maisha ya miongo minne. Sisi tuna urithi wa vizazi, na kijana wa Kashai au wa Kamachumu anaweza kushinda kibandani siku nzima asikutane na jina moja la kwao. Ni uzembe wetu sisi wakubwa, wala si wa watoto.

Basi nawasihi vijana mnaojifunza kompyuta Bukoba na Muleba msingoje mtaji mkubwa wala ofisi. Anzeni na jaribio dogo, kama la Tanabe, la mtu mmoja anayepanda na kuruka, mkampe jina la Kachwenyanja. Na ninyi wazee mlio na kanda za nanga makabatini, ziazimeni kwa vijana hao zinakiliwe kabla hazijaharibika.