Kabla ya Baridi Kulikuwa na Chumvi

Muulize mtu wa Dar au Mombasa kiyoyozi kilibuniwa kwa ajili gani, atakucheka. Joto, nini kingine? Lakini kazi iliyomfikisha Willis Carrier huko, yule Mmarekani ambaye jina lake bado limebandikwa kwenye mashine nyingi ukutani, haikuhusu jasho la mtu yeyote. Ilihusu karatasi.

Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms kule Brooklyn, New York, kilikuwa kinahangaika. Picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine, karatasi ileile ikipita mashineni mara kadhaa. Kiangazi kikija na unyevu wake, karatasi inavimba kidogo kati ya rangi na rangi, basi nyekundu haikai juu ya njano kama ilivyokusudiwa. Carrier alikuwa na miaka 25, mwaka mmoja tu tangu amalize Chuo Kikuu cha Cornell, ameajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge. Miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyojaribu ni lile ambalo bibi yeyote wa pwani angelielewa: chumvi.

Tabia hiyo tunaijua. Masika yakianza, chumvi ya mezani inatoa maji, ndiyo maana watu hutia punje za mchele kwenye kichupa. Chumvi safi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi. Kalsiamu kloridi haisubiri kiasi hicho, asilimia 30 na ushei inaitosha. Ndiyo iliyomo kwenye vile vikopo vya plastiki vinavyowekwa kabatini nguo zisiote ukungu, ambavyo hujaa maji bila mtu kumimina.

Carrier alichukua kitambaa cha gunia, akakilowesha kwa maji mazito ya chumvi hiyo, akapitisha hewa. Hewa ikakauka kweli. Tatizo ni kwamba ilitoka na chumvi, na chumvi ikikutana na chuma, matokeo yake tunayajua sisi tunaoishi karibu na bahari. Gunia likawekwa pembeni. Akageukia mabomba yaliyopozwa: mvuke ukigusa baridi unageuka maji na kudondoka. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902. Kufikia hataza yake ya 1906 alikuwa anakausha hewa kwa kuinyunyizia maji baridi, jambo linalosikika kama mzaha mpaka ukumbuke umande.

Mimi naona hapa ndipo historia ilipopinda. Baridi iliingia kama njia ya kukausha, kisha ikawa ndiyo bidhaa yenyewe. Mpaka leo kiyoyozi cha kawaida kikitaka kutoa unyevu lazima kiipoze hewa sana, hata kuliko mtu anavyohitaji. Ndiyo maana kuna ofisi Posta ambako watu huvaa sweta mwezi wa pili, huku nje bomba linawadondoshea maji wapita njia. Umeme wa kukamua maji hayo analipa mwenye ofisi.

Kumbe chumvi haikufa. Mwaka 1935 mkemia F. R. Bichowsky na mwenzake G. A. Kelley waliandika kuhusu kutumia maji mazito ya chumvi kutengeneza hewa ya majumbani na viwandani, na lithiamu kloridi ikawa chumvi maarufu ya kazi hiyo. Hiyo ina kiu kuliko zote nilizotaja: inaweza kuvuta mvuke hata kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 11 au 12 tu. Viwanda vya dawa viliipenda. (Chumvi hiyohiyo ilitumiwa Marekani mezani na wagonjwa waliokatazwa chumvi ya kawaida, mpaka ilipoondolewa sokoni mwaka 1949 baada ya vifo. Mwaka huohuo daktari John Cade wa Australia akatangaza kwamba lithiamu inatuliza wagonjwa wa akili. Lakini hiyo ni makala nyingine.)

Sasa, kukausha si kupoza. Tena ni kinyume: kila lita ya maji inayotoka hewani kuingia kwenye chumvi inaacha joto la takriban kilojuli 2,400, joto la kutosha kufikisha lita 7 za maji kwenye mchemko. Hewa inatoka kavu lakini ya moto. Ubaridi unapatikana hatua inayofuata, kwa kanuni ya mtungi. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri Dodoma kwa sababu hewa ya kule ni kavu na inanyonya mvuke haraka; Tanga, wakati wa masika, unapoza kwa taabu. Ukikausha hewa ya Tanga kwanza, ukaipunguzia joto, kisha ukaipitisha penye maji, ni kama umeihamishia Dodoma. Neal Pennington alipata hataza ya mashine ya namna hii Marekani mwaka 1955, yenye gurudumu linalozunguka: upande mmoja linanyonya unyevu, upande wa pili linakaushwa kwa moto. Mwaka huohuo George Löf alipendekeza kazi ya kukausha ifanywe na jua, ingawa yeye alitumia glikoli badala ya chumvi.

Wazo la jua ndilo linalonigusa. Maji ya chumvi yaliyolewa unyevu yanarudishiwa kiu yake kwa joto la nyuzi 60 mpaka 80, kiwango ambacho vyombo vya kuchemshia maji kwa jua juu ya paa vinakifikia. Yaani jua lilelile linalotutesa lingefanya kazi. Na gesi za viyoyozi, zile ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza, hazihitajiki katika kukausha huko.

Mbona basi haipo ukutani kwako? Mashine ni kubwa, lithiamu inagombaniwa na watengeneza betri, na matone ya chumvi bado yanataka kutoroka na hewa. Wahandisi wanajaribu kuweka utando mwembamba kati ya maji ya chumvi na hewa, unaopitisha mvuke na kuzuia matone, na mabomba ya plastiki yasiyoshika kutu. Hiyo ni kazi ya gunia la Brooklyn, wameirudia baada ya zaidi ya miaka 100.