Sindano, Kibuyu na Kiti cha Mwenyekiti

Mwanamke wa Kipokot au Kisabaot hakungoja kozi ndipo awe msanii. Kibuyu cha maziwa hukikwangua, akakisugua ndani kwa kijinga cha mti maalumu mpaka kinukie moshi, kisha akakivika ngozi na shanga. Ufundi huo ni wa kale. Jipya ni kuufanya umlipe, na hapo ndipo masomo ya uongozi yalipoingia.

Chanzo cha masomo hayo kiko Kabete, kwenye Shule ya Jeanes iliyofunguliwa 1925. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoundwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, viongozi wa vilabu vya akina mama walipelekwa huko kujifunza kushona, mapishi na usafi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na serikali ilitaka kuwavuta wanawake wasiunge mkono Mau Mau. Huku Kibomet na kwingineko Trans Nzoia, ardhi ilikuwa ya walowezi. Mke wa skwota, kibarua aliyeishi kwenye mashamba yao, hakuwa hata na kiwanja chake.

Sindano ile ililenga nyumba nadhifu, si mshahara. Lakini aliyeongoza klabu alijifunza pia kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu na kutunza fedha. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho. Jane Kiano alikishika kuanzia 1971 hadi 1984, miaka ambayo vyondo, yaani vikapu vya mkonge, vilipata soko ng'ambo.

Soko hilo halikudumu. Nakala za bei rahisi kutoka viwanda vya Asia ziliingia, na wasusi wakabaki na vyondo vyao. Walijua kusuka na kuweka hesabu, ila hakuna aliyekuwa amewafundisha kulinda ubunifu wao.

Leo kikundi cha shanga huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa 2007. Mama anayelisoma daftari mwenyewe hapunjwi na dalali kirahisi. Tangu 2016 kuna pia sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inaipa jamii haki juu ya kazi zake, na serikali za kaunti zina jukumu la kuziorodhesha. Kozi ya uongozi isiyomwonyesha mwanamke mlango wa ofisi ya kaunti itakuwa imemfundisha nusu tu.