Girl Guides wa Tabora na kirangozi wa zamani

Ukiniuliza sekondari nilijifunza nini, hesabu sitaitaja. Nitakutajia Girl Guides. Ndiyo, wale mabinti wa skafu shingoni, saluti ya vidole vitatu na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Tukipita barabarani pale Tabora, wavulana walikuwa wakitupigia kelele: "Magaidi hao!" Kiswahili nacho kina utani wake. Ukilitamka lile neno la Kiingereza haraka haraka, unajikuta umemtaja mtu wa kukimbiwa.

Tuuache utani, tulitazame jina lenyewe. Limetoka wapi?

Mwaka 1909 Baden-Powell aliwakusanya maskauti wake Crystal Palace, London. Wasichana nao wakajitokeza, hawakualikwa, wakasema na sisi ni skauti. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akapewa kukiongoza. Jina la "Guides" mzee alilichukua kwenye kikosi kimoja cha jeshi la Waingereza kule mpakani, kaskazini-magharibi ya India. Mwaka 1928 chama kikaingia Tanganyika, wakati huo Mwingereza hajamaliza hata miaka kumi tangu akabidhiwe nchi baada ya Mjerumani. Baden-Powell mwenyewe alifariki mwaka 1941 hapa hapa jirani, Nyeri, Kenya, na ndiko alikozikwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba hiki ni chama cha mkoloni, simbishii. Msichana alifundishwa kushona, usafi, kulea watoto na kutii. Alitakiwa awe mke mwema na raia mtulivu wa dola ya mtu mwingine.

Lakini Tabora si mahali pa kuletewa neno "kiongozi wa njia" kama kitu kipya. Sisi tulikuwa naye zamani. Aliitwa kirangozi.

Kumbuka Tabora ilikuwa nini. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliikuta tayari ni kituo kikubwa cha biashara, wao wakaiita Kazeh. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji ziwani, jumla zaidi ya kilomita 1,000. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, amejipamba, bendera mkononi. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, wapi pa kulala na wapi hongo itadaiwa. Mtu hakuthubutu kumpita. Nyuma yake ukafuata mstari wa pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba.

Na wanawake je? Walikuwepo, tena wengi. Walibeba vyungu, mikeka na watoto. Wengine walikuwa wake wa wapagazi, wengine watumwa. Njia nzima waliitembea kwa miguu yao. Pale mbele kwenye bendera ndipo hapakuwa pao.

Jumamosi moja kikundi chetu kilitembea hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona lile tembe alilokaa Livingstone. Tulisimuliwa habari za Livingstone na Stanley mpaka tukazikariri. Kuhusu Halima hatukusikia hata neno moja.

Halima nilikutana naye miaka mingi baadaye, niliposoma shajara za Livingstone. Alikuwa mpishi wake. Mwaka 1872, wakati mzee anasubiri wapagazi wapya pale Kwihara, Halima alikuwepo, na Livingstone aliandika kwamba angemwachia huru na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar. Mwaka uliofuata Livingstone akafa, wafuasi wake wakaubeba mwili kuelekea pwani, wakapitia Unyanyembe. Susi na Chuma wakafikishwa mpaka Uingereza mwaka 1874, leo kila mtoto wa shule anawajua. Je, wewe ulishawahi kulisikia jina la Halima darasani?

Kwenye msafara ule ule wa mwili kulikuwa na msichana mdogo anaitwa Losi. Walikuwa wameshaondoka Unyanyembe, yeye yuko kwenye mstari, mtungi wa maji kichwani. Nyoka mkubwa akakatiza njia, akamgonga pajani. Haikufika dakika kumi, akakata roho. Habari yake imo katika mistari michache tu ya kitabu, halafu msafara unaendelea.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Sisi kwenye Girl Guides tulifundishwa huduma ya kwanza ya aliyeumwa na nyoka: mtulize, asitembee, mguu usisogezwe, mpelekeni hospitali. Tulifanya mazoezi kwenye vumbi la Unyanyembe ile ile, na hatukujua Losi alikuwepo.

Kitu nilichokipata kule ni hiki: tulipokezana kutangulia. Leo wewe unashika bendera na dira, kesho mwenzako. Ukiwa mbele, wasichana ishirini wanasubiri useme tupumzike wapi. Ukipotea, mnapotea wote. Nina miaka kumi na minne, nyumbani hata chakula cha jioni sijawahi kuamua, halafu njia iko mikononi mwangu.

Sasa nisije nikawapamba kupita kiasi. Aliyekuwa hodari wa dira kuliko sote alipata mimba kidato cha tatu. Jina lake lilifutwa kwenye rejista, ndiyo yakaisha. Ahadi tulizoapa pamoja hazikumvusha geti la shule. Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi darasani, mwanawe alikuwa anasoma darasa la pili. Kwake yeye ruhusa ilichelewa.

Kwa hiyo skafu haikutosha, na sidhani kama ingeweza kutosha peke yake. Kumfundisha binti kuongoza, kisha kumfukuza siku anapohitaji kuongozwa, ni kazi ya nusu.

Hata hivyo siungani na marafiki zangu wanaoona kwamba kitu cha mkoloni kinabaki cha mkoloni milele. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 Mjerumani aliijenga kwa faida yake. Bibi zetu wakaipanda na vikapu vyao kwenda kwenye shughuli zao. Na Girl Guides ndiyo hivyo hivyo. Aliyekileta chama alikuwa na nia yake, na wasichana walioingia walikuwa na ya kwao.

Ninachosikitikia ni kwamba historia hiyo hatuiandiki. Habari za misafara tuliandikiwa na waliobebewa mizigo, ndiyo maana Halima kapewa mistari na Losi kapewa aya. Wasichana waliovaa sare ile tangu 1928 wengine wameshakufa, wengine ni bibi zetu. Kama unaye mmoja nyumbani, muulize leo: siku yake ya kutangulia aliwapeleka wapi? Halafu andika.