Butembo na Beni: nani hasa hutugawia kura?

Kila uchaguzi unapokaribia, wakaaji wa Butembo na Beni husikia lawama ileile. Mgombea wa chama kidogo akijitokeza, au mtu wa shirika la raia akitangaza kusimama kama mgombea huru, wanamwambia: "Unatugawia kura. Unamsaidia adui." Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema amelipwa. Kabla ya kumhukumu mtu huyo, tutazame historia yetu ya karibu miaka ishirini. Inaonyesha kwamba kugawanyika kwetu mara nyingi kulianzia juu, kwa wakubwa, na kwamba miji yetu haijapewa bado nafasi ya kujaribu umoja wake yenyewe.

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Butembo na Beni zilipewa hadhi ya mji mwaka 2003. Butembo ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ina nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Katiba ya 2006 inasema mji na komini ni maeneo yenye kujitawala. Sheria ya Oktoba 2008 ikaeleza njia: raia wanachagua washauri wa komini, washauri hao wanamchagua mkuu wa komini, wanachagua pia baraza la mji, na baraza la mji ndilo linamchagua meya. Kwenye karatasi, meya wetu angetoka kwenye kura zetu.

Njia hiyo haijatembewa hata siku moja hapa kwetu. Kalenda iliyotolewa na CENI Februari 2015 iliweka uchaguzi wa mitaani tarehe 25 Oktoba 2015. Haukufanyika. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa hatimaye, lakini kwenye miji mikuu ya majimbo tu. Butembo na Beni hazikuwa kwenye orodha. Na tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, viti vya meya vilikaliwa na maafisa wa polisi. Mameya waliotangulia nao walikuwa wameteuliwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya umoja wa watu wa mabadiliko katika miji yetu, tunazungumza juu ya jengo lisilo na msingi: tumepiga kura ya rais na ya wabunge, lakini ya mji bado.

Sasa tutazame kura tulizopiga.

Mwaka 2006 wagombea urais walikuwa 33. Mmoja wao alitoka kwetu: Antipas Mbusa Nyamwisi, kiongozi wa RCD/K-ML, chama kilichotawala eneo hili wakati wa vita. Kabla ya siku ya kura alitangaza kumuunga mkono Joseph Kabila, ingawa jina lake lilibaki kwenye karatasi. Uchaguzi ule ulikuwa na duru mbili. Mgombea mdogo aliweza kusimama, kuhesabiwa, halafu kuungana na mwingine kwenye duru ya pili. Hakuwa na sababu ya kuitwa mharibifu.

Januari 2011 katiba ikabadilishwa: duru moja tu, na anayeongoza anashinda hata kama hajafikia nusu. Novemba mwaka huohuo, kwa hesabu rasmi, Kabila alipata karibu asilimia 49, Étienne Tshisekedi asilimia 32, Vital Kamerhe karibu 8, Kengo wa Dondo karibu 5, na Mbusa, safari hii akigombea kama mpinzani, chini ya 2. Watazamaji wa Carter Center walisema matokeo yale hayaaminiki. Lakini hata tukizichukua namba zilivyo, zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakumchagua aliyetangazwa mshindi. Wakati huo ndipo neno "kugawa kura" lilipopata nguvu, na halikuzushwa bure. Ila tuseme ukweli: wadogo hawakuiandika ile kanuni ya duru moja. Iliandikwa na waliokuwa madarakani, wakijua upinzani ni wengi na hawakubaliani.

Fundisho kubwa zaidi lilikuja 2018. Tarehe 11 Novemba viongozi saba walikutana Geneva wakamchagua Martin Fayulu kuwa mgombea wa pamoja. Muungano ukaitwa Lamuka. Kesho yake Félix Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa saini zao, na tarehe 23 Novemba wakafanya mapatano yao Nairobi. Umoja ulikuwa umedumu chini ya siku mbili. Mbusa alijiunga na Lamuka baadaye, lakini kwenye meza ya Geneva hapakuwa na mtu wa Beni wala Butembo.

Hata hivyo raia wa hapa waliuchukua umoja ule kuwa wao. Fayulu alipofika Desemba, umati ulijaa barabarani. Halafu, tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya kura, mkuu wa CENI Corneille Nangaa alitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya alikuwa aapishwe Januari. Maana yake ilikuwa wazi: kura yetu ya urais ilifutwa.

Tarehe 30 Desemba, nchi nzima ikipiga kura, watu wa Beni walipanga uchaguzi wao wa mfano. Waliandika karatasi, wakapanga mistari, wakapiga kura ambazo walijua hazitahesabiwa Kinshasa. Siku tatu kabla, waandamanaji wenye hasira walikuwa wamevamia kituo cha kupokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola, na hilo lilituumiza sisi wenyewe. Lakini siku ya tarehe 30 ilikuwa na utulivu, na ujumbe ulieleweka.

Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilimtangaza Tshisekedi mshindi kwa kura milioni 7.05 dhidi ya milioni 6.37 za Fayulu. Tofauti ilikuwa karibu kura 684,000. Walioandikishwa katika maeneo yaliyoachwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji karibu 40,000, walisema namba zao hazilingani na zile zilizotangazwa. Hatuwezi kusema leo watu wetu wangepiga kura namna gani, mmoja kwa mmoja. Tunaweza kusema kwamba hakuna mgombea mdogo aliyewahi kutuondolea kura nyingi kama uamuzi ule wa siku moja.

Na waliotuita kwenye umoja walienda wapi? Jean-Pierre Bemba na Moïse Katumbi, wote wa Lamuka, waliingia Union Sacrée ya rais Tshisekedi, kisha Katumbi akatoka mwisho wa 2022. Machi 2023 Mbusa akawa waziri, na Bemba pia. Julien Paluku, aliyechaguliwa gavana wetu mwaka 2007 akiwa wa chama cha Mbusa, kisha akaunda chama chake na 2018 akasimama upande wa Kabila, naye akawa ndani ya kambi hiyohiyo. Nangaa, aliyetutangazia kwamba hatutapiga kura, aliunda AFC Desemba 2023 pamoja na M23. Kwa 2023, wajumbe wa wapinzani walikutana Pretoria kutafuta mgombea mmoja. Wachache waliondoka wakamuunga mkono Katumbi. Fayulu aliendelea peke yake. Tshisekedi alitangazwa na asilimia 73, Katumbi 18, Fayulu karibu 5. Safari hii hata kujumlisha kura zote za wapinzani kusingetosha.

Hakuna dhambi mwanasiasa kubadili upande. Tatizo ni kwamba akibadili, hakuna kitu hapa chini kinachobaki. Umoja uliosainiwa hotelini na watu saba unaweza kuvunjwa na mmoja wao kwa simu. Tunajua umoja wa namna nyingine. Likelemba inadumu kwa sababu kila mmoja anamjua mwenzake na zamu imeandikwa. Wafanyabiashara wa Butembo walichangia barabara na uwanja wa ndege katika miaka ya vita, wakati serikali haikuonekana. Walipatana juu ya kazi, na kazi ikaonekana.

Ni kweli pia kwamba uchaguzi wa komini una hatari zake. Desemba 1957, Wabelgiji walipoufungua kwa mara ya kwanza katika miji michache mikubwa, kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakuu wa komini wengi walitoka nje ya Katanga. Hasira juu ya jambo hilo ilisaidia kuzaa CONAKAT mwaka 1958, na tunajua ilikofikisha nchi. Umoja wa kabila unaweza kushinda komini na kuupoteza mji. Beni, inayopokea wakimbizi kutoka pande zote na ambako utawala wa jimbo umehamia tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, haina budi kulikumbuka hilo.

Siku uchaguzi wetu wa komini ukija, hesabu itakuwa kali. Sheria ya uchaguzi iliweka kiwango cha chini: asilimia 1 kwa wabunge wa taifa, 3 kwa jimbo, na 10 kwa komini. Tuchukue mfano wa komini yenye kura halali 10,000. Orodha tano za watu wa mabadiliko zikipata 900 kila moja, jumla ni 4,500, karibu nusu ya kura zote. Viti vyao ni sifuri, kwa sababu hakuna iliyofika 1,000. Wangeandikishwa kama orodha moja, wangekuwa kundi zito kwenye baraza. Wakigawana orodha mbili zenye nguvu, bado wangeingia, na baadaye wangeweza kushirikiana kumchagua mkuu wa komini.

Kwa hiyo mgombea mdogo anayesimama peke yake kwenye komini yupo kwenye hatari ya kweli, na ni haki kumwambia. Lakini aambiwe na jirani zake, kwenye kata yake, wakiwa na jambo la kumpa: nafasi kwenye orodha, na mpango ulioandikwa juu ya maji, kodi za soko, mashimo ya barabara na usalama wa mashamba. Mapatano hayo yaanze kabla CENI haijatoa tarehe. Yasiwekwe mkononi mwa mtu mmoja. Na la kwanza ndani yake liwe kudai uchaguzi wenyewe, kwa sababu umoja wa kugawana viti ambavyo havijafunguliwa bado hautamsaidia mtu yeyote wa Kimemi wala wa Mulekera.