"Gari nzito inashika lami": ukweli nusu

Wasee, juzi niko Naro Moru, mvua inanyesha, matatu imejaa hadi mlangoni. Konda bado anaita watu: "Ingieni, gari nzito inashika lami!" Tukacheka, tukaingia. Lakini je, ni kweli?

Nusu. Na hiyo nusu sikuipata chuo (niliacha mwaka wa pili), niliipata kwa historia ya treni.

Reli yetu ilifika Nanyuki mwaka 1930. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma husuguana kidogo sana, ndiyo maana injini moja huvuta mabehewa kibao. Shida ni mlima: gurudumu linazunguka bure, treni imesimama pale pale. Dawa yake? Uzito. Mfaransa Guillaume Amontons alishasema mwaka 1699: ukiongeza mara mbili uzito unaokandamiza, msuguano nao unaongezeka mara mbili.

Sasa cheki injini za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester kuanzia 1955. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na tani 252 hivi! Kwenye injini ya kawaida, maji na mafuta hukokotwa nyuma kwa behewa lake, uzito wa bure. Hizi ziliyabeba juu ya magurudumu yanayoendeshwa, kwa hiyo mzigo wenyewe ukawa ndio unaoshikilia reli.

Lakini uzito una bei. Kila ekseli yenye kuendesha ilikandamiza reli kwa tani kama 21, na reli nyepesi haiwezi kuhimili hiyo. Kazi yao kubwa ikawa Mombasa hadi Nairobi. Ukitaka kuona moja, Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi.

Turudi kwa konda. Uzito unasaidia tairi isizunguke bure wakati wa kuondoka. Kusimama ni story nyingine. Msuguano umeongezeka, sawa, lakini kile unachotaka kusimamisha nacho kimeongezeka kiasi kile kile. Hakuna faida hapo. Halafu kwenye mteremko breki zinabeba joto la watu wote hao, na zikichemka sana zinaanza kukataa.

Kwa hiyo siku nyingine akikwambia gari nzito inashika lami, mwambie ya kuondoka tumekubali, atuonyeshe ya kusimama. Mimi nitangoja inayofuata.